Vigae vya Moto Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto wangu ametoka sasa hivi kunipiga kichwani kwa kiatu cha baba yake. Kisha akasimama, akanitazama, akaona sura yangu ilivyokunjamana, akanibusu palepale aliponipiga. Halafu akanipiga tena ili apate kubusu tena. Nimecheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia.

"Huyo ni baba yake mtupu," akasema. "Vishindo kwanza, huruma baadaye."

Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, ingawa hakuna ajuaye anasema nini.

Mwalimu wangu wa kazini ndiye aliyeniambia niandike. Alisema nikiandika kila siku, hata mstari mmoja, mkono utakuwa mwepesi. Kanipa karatasi zilizoharibika, zenye michoro ya vilima upande mmoja. Upande wa pili ni mweupe, huo ndio wangu. Shule niliishia njiani, lakini kuandika najua, na nani kasema aliyeishia njiani hawezi kuendelea na safari?

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kazi yetu ilivyo, siku moja Chiriku asome ajue mama yake alikuwa akienda wapi asubuhi.

Chumba chetu kiko mwisho wa korido. Tuko watatu. Mwalimu ndiye mtafiti, chumba na mawazo ni vyake. Mzee Pampu anatunza ile mashine kubwa inayofyonza hewa mpaka ndani kusibaki kitu. Mimi naosha vigae, vipande vidogo vinavyong'aa, vyembamba kama ukucha, kisha vikishapakwa navitia motoni.

Ndani ya mashine kuna vitu viwili vinachemshwa mpaka vinakuwa mvuke. Kimoja ni chuma. Cha pili kinaitwa antimoni, Mwalimu anasema ni ndugu wa wanja wa machoni. Vinatua kwenye kigae kwa zamu, tabaka la chuma, tabaka la antimoni, tena chuma, tena antimoni, kila tabaka jembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake ni mlima. Niliuliza kwa nini wembamba wote huo. Mwalimu akanijibu, "Ili wasisafiri mbali kukutana. Jirani hahitaji nauli."

Kisha vinatiwa joto dogo. Joto hilo likiwa dogo sawasawa, vinashikana na kuwa fuwele ambayo huwezi kuichimba mlimani popote. Ukiipasha moto upande mmoja na upande wa pili ukabaki baridi, inatoa umeme. Haina moshi, haina kelele. Mwalimu anataka siku moja joto linalopotea kwenye mabomba ya viwanda na injini za magari liwashe taa za watu.

Ila fuwele hii ina mkosi wake. Moto ukizidi inavunjika, inakuwa kitu cha kawaida tu, na hairudi tena. Mwalimu anasema ni kama maji yaliyokaa kwenye kishimo cha jiwe juu ya kilima. Bonde liko chini linayaita, lakini usipoyatikisa yatakaa palepale miaka. Mzee Pampu anasema vingine.

"Chuma ni bwana mmoja mwenye wake watatu. Moto ukiwa mdogo, wote wanne wanalala nyumba moja. Moto ukizidi, mke mmoja anabeba mabegi. Na akishatoka, hata uipooze nyumba vipi, harudi."

"Mzee, na wewe unao wangapi?" Mwalimu akamuuliza bila kuinua macho.

"Mmoja. Na moto nauogopa."

Jumanne, 11 Machi

Leo Mwalimu katukalisha. Wakubwa wamesema chumba hiki watapewa watu wengine, isipokuwa kama mpaka mvua ziishe atakuwa na sinia zima la vigae, vyote vyenye ile fuwele, vyote sawa, vya kupelekwa kwa wapimaji. Alishawaonyesha kimoja mwaka jana. Wakamwambia kigae kimoja ni bahati, sinia ndiyo kazi.

Sinia likijaa, chumba kinabaki, na mimi naandikwa fundi msaidizi, si mwosha vigae wa kuitwa ikihitajika. Mzee Pampu atanifundisha mashine.

Nimemweleza Baba Chiriku. Yeye ni mchomeleaji, mtaani wanamwita Cheche. Kanibeba akanizungusha jikoni mpaka nikapiga kichwa kwenye kabati. "Mafundi wawili nyumba moja! Mama, umesikia? Nyumba hii sasa hakiharibiki kitu!"

"Kitavunjika kichwa cha mkwe wangu kwanza," akasema mama mkwe.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Chiriku kala sabuni. Hajambo, anatoa mapovu kidogo akiongea.

Jumanne, 18 Machi

Vigae vinatoka vizuri. Mwalimu anavipeleka chini ya mashine ya miale, nayo inachora vilima kwenye karatasi. Vilima vikisimama mahali pake, fuwele ni ile. Mashine hiyo anaigusa yeye peke yake, lakini nimeshaanza kuvijua vilima kwa macho, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake kabla hujaiona sura.

Kwa nini Mwalimu hasifii? Nampa kigae kizuri, anasema, "Haya." Nampa kingine, "Haya." Hata nikimsimulia Chiriku, anasikiliza kama anayesubiri maji yachemke. Nadhani ni mtu baridi tu. Nyumbani nina mume anayepiga kelele hata akifurahia uji. Huko hakuna joto dogo.

"Unakipasha siku nzima kwa moto wa kuanikia nguo?" ananitania. "Mimi chuma sikibembelezi. Nakipiga moto, kinanielewa."

Jumatatu, 24 Machi

Mgongo wa Mzee Pampu umekataa. Alikuwa ameinama kwenye mashine, hakuweza kuinuka, tukamtoa akiwa amekunjika vilevile kama kiti. Huku analia kwa maumivu bado anatuambia, "Nibebeni vizuri, nisije nikafunguka."

Bahati nzuri vigae vyote vya sinia vilikuwa vimeshapakwa matabaka. Kilichobaki ni moto. Na Mwalimu lazima asafiri, wakubwa wanataka atetee hoja yake mbele yao, uso kwa uso. Kaniachia funguo. Funguo za chumba, mimi! Kanishika bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mdogo wangu, nikirudi nataka nikute sinia limejaa. Lakini usiharakishe. Ukiona shaka yoyote, zima, subiri."

Nimemwitikia kwa moyo wote.

Ijumaa, 28 Machi

Nina furaha na nimechoka.

Asubuhi nilikuwa napangusa sahani ya moto, ile tunayolaza vigae ndani ya sanduku la hewa kavu. Kuna waya wa kupimia joto, ncha yake imezama kwenye tundu dogo ubavuni mwa sahani. Waya huo ndio unaoiambia mashine sasa moto umetosha, punguza. Ulikuwa mzee. Niliugusa kidogo tu kwa kitambaa, ncha ikakatika. Namba kwenye kioo zikageuka vistari.

Nikazima. Nikampigia Mwalimu, hapatikani. Nikampigia Mzee Pampu, nikamsikia anageuka kitandani kwa kilio.

"Zima, mwanangu. Ngoja nipone."

"Utapona lini, Mzee?"

"Muulize mgongo."

Nikakaa. Nje mvua ilikuwa imepungua, jua likatoka kidogo, na badala ya kufurahi nikaingiwa na hofu. Nikaona mvua zinaisha na sinia halijajaa. Mchana nikaenda kwenye karakana ya Baba Chiriku.

"Waya tu?" akasema. "Na uso wote huo?"

Akaja na mtungi wake mdogo wa gesi na mdomo mwembamba wa kuchomea. Nikamfungulia. Aliingia akitembea kwa vidole kama yuko msibani, anatazama kila kitu na kunong'ona. Akaziunga zile nyuzi mbili zinazokutana kwenye ncha ya waya. Ah, mkono wake! Ncha ikawa na kidonge kinachong'aa, mviringo kama punje ya mtama, imara. Ila tulipotaka kuirudisha kwenye tundu, haikuingia. Kidonge kilikuwa kinene.

"Nikipunguze?" akauliza. "Ila tupa yangu iko karakana. Nitaileta kesho."

Mimi nikasema, "Ikae juu ya sahani tu, tuibane na kibanio. Si inagusa?"

"Mama Chiriku, una hakika? Kitu kilikuwa ndani, unakiweka nje?"

"Inagusa. Ona, namba inasoma."

Kweli ilisoma. Ikapanda polepole mpaka mia na hamsini, ikatulia pale pale Mwalimu anapopataka. Baba Chiriku akapiga makofi bila sauti, kwa heshima ya chumba.

Jumatano, 2 Aprili

Vigae vyote vimepita motoni. Namba haikutikisika hata kidogo. Vinang'aa kuliko vya mwanzo, naona ni dalili njema. Nimeandika "tayari" juu ya kila kisanduku kwa mwandiko wangu bora.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie alipoingia.

Mwalimu alirudi leo alasiri, viatu vinachuruzika maji. Wakubwa wamekubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Akaliona sinia. Kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake yote. "Umejaza," akasema. "Mdogo wangu, umejaza."

Akachukua kigae cha kwanza akakiweka chini ya miale. Nilisimama nyuma yake nikijiandaa kusikia "haya" yake. Karatasi ikatoka. Vilima havikuwa mahali pake. Nilivijua kabla yeye hajasema, ni vile vya kitu cha kawaida, vile tunavyovitupa. Akaweka cha pili. Akaweka cha tatu. Akaendelea kuweka, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayefungua milango ya nyumba iliyoungua akitafuta chumba kimoja kilichosalimika. Hakikuwepo.

Akaenda kwenye sahani ya moto. Akainama. Akakiona kile kidonge kimekaa juu, kimebanwa, kinagusa kwa ncha tu. Akakiinua kwa ukucha.

"Hiki kimekaa hewani," akasema taratibu. "Kilikuwa kinapima nusu sahani, nusu upepo. Mashine ikadhani sahani ni baridi, ikawa inaongeza. Namba inasema mia na hamsini, chini kunaungua." Akakiachia. "Nani kashika hii?"

Wakati huohuo mlango ukagongwa. Baba Chiriku. Alikuja kunichukua kwa sababu ya mvua, mwavuli mkononi, kalowa mabega, anatabasamu. "Habari za safari, Mwalimu? Tuliwatunzia chumba!"

Nikamnyooshea kidole. Mume wangu. Nikasema, na ninaandika kama nilivyosema, sipunguzi, "Ni huyu. Nilimwambia asiguse. Yeye anajua kuchoma tu."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo usoni kama taa ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima. Akanitazama. Nilingoja aseme, mwongo wee, si wewe uliyeniita? Angesema hivyo ningeweza kukasirika, tungegombana, ingekwisha.

Akamgeukia Mwalimu. "Kweli. Ni mimi. Nisamehe, Mwalimu. Mkono wangu umezoea vyuma vinene."

Mwalimu akasema, "Nendeni nyumbani. Mvua kubwa."

Njia nzima alinishikia mwavuli juu ya kichwa changu, yeye akatembea nje yake. Nilisogea ili aingie, naye akasogea ili nisilowe. Chiriku alipotupokea mlangoni akamnyanyua, akacheka naye vilevile kama siku zote. Kwa mtoto tu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimeosha vigae vilivyoharibika, sijui kwa nini.

Jumatano, 9 Aprili

Baba Chiriku kapata kazi mbali, wanajenga matangi ya maji. Alikuwa ameikataa mwezi uliopita kwa sababu hakutaka kutuacha. Leo asubuhi ameikubali kwa simu, mbele yangu, akiwa anafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Baba Chiriku, kuhusu juzi." Akasema, "Gari linaningoja." Hakukuwa na gari. Nilimwona kutoka dirishani, amesimama kituoni kwenye mvua muda mrefu, begi miguuni.

Jumapili, 13 Aprili

Mama mkwe anachambua mchele, mimi nakunja nguo. Akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu kaondoka kama mtu aliyetukanwa. Nani kamtukana?"

"Ni kazi tu, mama."

"Kazi haimfanyi mtu asahau kula."

Nikakunja nguo moja mara tatu. Zamani nilidhani mama huyu ananiwinda. Leo nimeona anamtafuta mwanawe tu, na mimi nimekaa juu ya alama za miguu yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Kapiga simu. Chiriku anakula? Kikohozi kimeisha? Paa linavuja? Nikamwambia nisamehe. "Yameisha, Mama Chiriku." Yangekuwa yameisha angenitania. Alinitania hata siku niliyokuwa najifungua.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimesema.

Mwalimu alikuwa anafuta meza, peke yake. Tangu siku ile hajanigombeza hata mara moja. Ananipa kazi, nafanya, anasema "haya." Nilidhani ni ule ubaridi wake, kwamba kwake hata msiba ni jambo la kupanga kwenye rafu. Nikasimama mbele yake, nikashika ukingo wa meza.

"Mwalimu, mume wangu hakugusa kitu bila mimi. Mimi ndiye niliyemwita. Yeye alitaka kukipunguza kile kidonge, mimi nikamwambia kikae juu. Mlinikataza kuharakisha, wewe na Mzee, nikaharakisha. Halafu nikamsingizia."

Akaendelea kufuta mahali pamoja palipokwisha kutakata.

"Najua."

"Unajua?"

"Funguo ulikuwa nazo wewe. Mtu hapiti mlango huu na mtungi wa gesi bila wewe kumfungulia. Nilijua yeye angali amesimama pale na mwavuli wake."

"Mbona hukusema?"

Akakaa. Sijawahi kumwona amekaa chumbani humu. "Nilikuwa na hasira. Ningefungua mdomo siku ile ningesema maneno ambayo hayarudi. Nikaufunga. Nilipopoa, nikaona hilo ni lako kulisema, mimi nikilisema nitakuwa nimekunyang'anya." Akatazama sinia tupu. "Na mimi nilikuambia mambo mawili, nikute limejaa, na usiharakishe. Mtu mwenye njaa ya kazi kama wewe angesikia lipi? Mimi ninayewahubiria watu polepole, mwenyewe nilikuwa nakimbia."

Nikalia. Hakunikumbatia, si mtu wa hivyo. Alinisogezea kitambaa kile alichokuwa anafutia meza, kikanuka dawa, nikajifutia.

"Umeshamwambia aliyeibeba hatia yako?" akaniuliza.

Jioni nikamwambia mama mkwe yote. Alisikiliza mpaka mwisho, Chiriku amelala mapajani mwake.

"Hm," akasema. "Tangu nimzae, mwanangu hajawahi kudanganya vizuri hivyo. Alikuwa akiiba sukari anakuja kuniambia mwenyewe." Kisha akanifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyomfuta Chiriku kamasi. "Usinililie mimi. Si mimi niliyeumia."

Jumanne, 29 Aprili

Mzee Pampu karudi, kiuno kimefungwa mkanda mpana, anatembea kama anabeba yai. Chuma na antimoni vilivyobaki vinatosha kigae kimoja tu. Mwalimu akasema tukifanye. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mzee alikishika kile kidonge cha Baba Chiriku akakigeuza kwenye mwanga. "Kiungo kizuri hiki. Kinene tu." Akakisugua kwa tupa ndogo, taratibu, akijaribisha, akisugua tena, mpaka kikazama kwenye tundu. Niliiangalia ile tupa muda wote. Siku moja ya kungoja. Hiyo tu ndiyo aliyokuwa ameiomba Baba Chiriku.

Tukaweka moto mdogo. Tulikaa watatu kwenye viti, mvua za mwisho zikidondoka kwa uvivu. Hata Mzee hakuleta mzaha. Kilipopoa Mwalimu akakipeleka kwenye miale, na vilima vikatoka mahali pake, vyote, vimesimama kama watoto waliopangwa mstari kupigwa picha.

Kisha akakibandika upande mmoja kwenye kikombe cha chai ya moto, upande wa pili juu ya kipande cha chuma baridi, akakiunga na kipimo cha umeme. Mshale ukasogea. Kidogo, lakini ukasogea, na ukakaa huko kwa muda wote ambao chai ilikuwa na joto. Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama Mwalimu, machozi yalikuwa yanateremka usoni mwake bila yeye kuyajali.

"Kimoja ni bahati," akasema.

Chai hakuna aliyeinywa.

Jumatatu, 5 Mei

Chumba kimechukuliwa. Wamekuja watu wenye maboksi yao, wana adabu, wametuomba radhi kila walipopita. Mzee Pampu amebaki na mashine yake, maana hakuna mwingine anayeielewa, lakini sasa ataitumikia kazi ya wengine. Mwalimu anahamia mji mwingine kwa watu waliokubali kumpa kona ya chumba. Kigae alikitia kwenye kisanduku, kisanduku kwenye mkoba, mkoba akaukumbatia.

"Nikipata chumba kamili nitakuita," akaniambia. Mzee aliguna pembeni. Mimi namwamini. Nimepewa kufagia korido kwa sasa, na kila nikifika mwisho wake mkono unataka kutafuta funguo mfukoni.

Baada ya kazi nikampigia Baba Chiriku. Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga. Nikamwambia nimekwisha kumweleza Mwalimu, na mama pia.

"Kwa nini umewaambia?"

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Mimi nilikuwa nimeshaibeba hiyo hatia."

"Iteremshe, mume wangu."

Nyundo zikagonga, zikagonga. "Uongo haukuniuma sana," akasema. "Mtu akiogopa hudanganya, nilikuona ulivyoogopa. Kilichoniuma ni lile neno la kuchoma tu. Ulilitoa haraka. Lilikuwa tayari, kama mtu aliyekuwa nalo mfukoni siku nyingi."

Nikataka kusema hapana. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikirudi nyumbani na wembamba wangu wa tabaka na fuwele zangu, na yeye ananinong'oneza utani wake wa chuma, na mimi nacheka lakini kicheko kimeanza kuwa cha mtu anayemcheka mdogo wake. Sikusema hapana.

"Lilikuwepo," nikamwambia. "Sijui liliingia lini. Najuta."

"Haya," akasema. Kama Mwalimu. Kisha simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Ijumaa, 9 Mei

Jua siku nzima. Chiriku anasema "baba" kwa kila kitu, kwa kuku, kwa ndoo.

Jumamosi, 10 Mei

Nguo zote ziko kambani, hakuna wingu. Mama mkwe kasema kazi ya matangi imemalizika tangu juzi, kasikia kwa mama wa fundi mwenzake. Hakuniambia kama mwanawe anarudi. Sikumuuliza. Nimefagia ua mara mbili, halafu nikajionea aibu, nikaja kukaa huku chumbani niandike.

Nimekuwa nikipanga maneno. Nitamwambia sikuolewa na fundi wa vitu vinene, mimi niliolewa na mtu aliyeniuliza una hakika. Lakini maneno yakishapangwa yanakuwa mazuri mno, na mimi nimeshaona neno lililo tayari mdomoni linavyoweza kufanya. Labda nisipange. Labda nimngoje tu, aseme yeye kwanza, au asiseme, tukae.

Kuna mtu anabisha hodi.

Kabisha tena. Mama mkwe yuko nyuma uani, anauliza ni nani. Sauti imejibu, na Chiriku kadondosha sahani. Ni yeye. Ni baba yake. Anabisha hodi kwenye mlango aliouchomelea bawaba kwa mkono wake mwenyewe, mlango ambao hajawahi kuugonga tangu tuhamie, alikuwa akiusukuma kwa bega huku anaimba. Amesimama nje anangoja kukaribishwa, kama mgeni, na mama mkwe haendi kumfungulia, anaita, "Mama Chiriku! Husikii? Wewe ndiye unayebishiwa hodi!" nami naitika nakuja, mama, nakuja, kalamu bado mkononi, niandike tu kwamba sijui nitasema nini ila nitaufungua mlango wote, nita